Jinsi ya Kuanzisha Klabu ya Kompyuta za Zamani Kisumu: Mwongozo Kamili

Kundi la WhatsApp la wapenzi wa kompyuta za zamani linafunguliwa. Wiki ya kwanza watu wanamiminika, picha za Pentium zilizojaa vumbi zinatumwa usiku kucha, mwenyekiti na naibu wake wanachaguliwa. Mwezi ukiisha, hakuna anayeandika tena. Wengi wenu mmeniuliza tatizo liko wapi, maana hali hii imejirudia Kisumu, Kakamega, hata Nakuru.

Tatizo ni kwamba klabu ilianzishwa bila mashine. Watu walikusanyika kuzungumzia kompyuta ambayo hakuna aliyeigusa. Mapenzi ya vyombo hivi huingia kupitia vidole na masikio: mlio wa flopi inaposomwa, kibodi nzito inayogonga, skrini inayochukua muda kupata joto. Hayo hayapatikani kwenye simu.

Kwa hiyo mwongozo huu unapindua mpangilio uliozoeleka. Tunaanza na mashine moja inayowaka, kisha watu, na katiba inakuja mwisho kabisa. Fuata hatua kwa mfuatano wake. Hatua ya nne hasa usiiruke, kwa sababu inahusu stima na usalama wa watu.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

Usitangaze chochote kabla hujapata hivi:

- Bisibisi za nyota na za bapa, kubwa na ndogo.
- Multimita. Ya bei nafuu inatosha, mradi waya zake hazijachubuka.
- Spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, brashi laini ya rangi, pamba za masikio na kifutio cheupe cha penseli.
- Betri kadhaa za CR2032, zile bapa kama sarafu.
- Ubao wa kupimia wenye balbu ya mfululizo. Fundi yeyote wa redio anaujua na anaweza kukutengenezea. Balbu iwe ya waya wa ndani, ya wati 60 hadi 100, si ya LED.
- Ekstensheni yenye waya wa ardhi unaofanya kazi, na kifaa cha kuzuia stima inayopanda ghafla (surge protector).
- Kibodi na kipanya vya plagi ya mviringo, kwa kuwa kompyuta nyingi za miaka ya 1990 hazitambui vya USB zinapoanza kuwaka.
- Skrini moja ya VGA unayojua ni nzima. Bila hiyo hutajua kama kilichokufa ni kompyuta au skrini.
- Daftari gumu lenye mistari. Nitalirudia mara kwa mara.

Chuma cha kulehemu kinaweza kusubiri. Mkiwa na fundi wa kulehemu miongoni mwenu, mmebahatika, lakini mashine nyingi huamshwa kwa usafi na betri mpya tu.

## Hatua ya 1: Amueni "zamani" ni ipi

Ukisoma majarida ya nje utadhani huwezi kuwa na klabu bila Commodore 64 ya 1982 au ZX Spectrum ya mwaka huohuo. Ni mashine nzuri sana, lakini huku kwetu ni adimu, na kuagiza moja kutoka Uingereza kunaweza kumaliza pesa zenu zote kabla hamjakutana hata mara moja.

Ushauri wangu ni kuanza na zilizopo stoo: kompyuta zenye prosesa za 486, Pentium za kwanza, Pentium II, III na 4, pamoja na printa za nukta ambazo baadhi ya maduka bado yanazitumia kuchapisha risiti. Hizi ndizo zilizofundishia watu wetu kuchapa, ndizo zilizojaa saiba miaka ya 2000, na sasa zinavunjwa ili bodi zake ziuzwe kwa kilo. Tusipoziokoa sisi, hakuna wa nje atakayekuja kuziokoa.

Wanaotaka kuionja Commodore wanaweza kutumia kiigizi cha VICE, yaani programu inayoigiza mashine hiyo, kwenye kompyuta ya kawaida bila malipo. DOSBox nayo inaendesha programu za DOS, mfumo uliotangulia Windows. Viigizi vinafaa sana kwa kufundishia. Ila visiwe ndiyo klabu yenyewe.

Andikeni sentensi moja daftarini, kwa mfano: "Tunahifadhi na kutumia kompyuta zilizotengenezwa kabla ya 2005." Hatua hii imekamilika pale ambapo mtu akiwaletea kompyuta mpakato ya 2015 iliyoharibika, yeyote kati yenu anaweza kumkatalia kwa upole bila kuitisha kikao.

## Hatua ya 2: Watu watatu, chumba na siku

Tafuta wawili wa kuanza nao, si hamsini. Mmoja awe na mkono wa ufundi. Mwingine awe mtu wa kumbukumbu, anayeandika mambo na kuyafuatilia. Wewe utakuwa wa tatu, wa kubisha milango.

Chumba kinahitaji sifa nne: soketi zenye waya wa ardhi, paa lisilovuja, kufuli, na kiwe sakafu ya chini. Ile ya mwisho watu huidharau mpaka wabebe skrini ya kichogo (ile nene ya zamani, CRT) ya inchi 17 kwa ngazi. Darasa la chuo cha ufundi, ukumbi mdogo wa kanisa, chumba cha maktaba, au saiba iliyofunga biashara, vyote vinafaa. Sebule ya mtu haifai. Siku akihama au akigombana na mwenzake, klabu inahama naye.

Pimeni soketi kabla ya kukubali chumba. Stima yetu ni volti 240. Kwenye multimita, kati ya tundu la moto na la ardhi mnapaswa kupata kipimo kilekile mnachopata kati ya la moto na la nyutro. Mkipata namba ndogo isiyotulia, waya wa ardhi haupo au umekatika. Mwiteni fundi wa stima mwenye leseni arekebishe kwanza. Kama hakuna aliyezoea kupima stima ya ukutani, kazi hii nayo mwachieni yeye.

Siku ya kukutana inahitaji fikra. Jumamosi katika ukanda huu ni siku ya mazishi, na Waadventista wako kanisani. Jumapili asubuhi wengine wote wako kanisani. Naona siku bora ni Jumapili saa nane mchana, mara mbili kwa mwezi, tena Jumapili zilezile kila mwezi. Kuna faida nyingine: soko la Kibuye huchangamka zaidi Jumapili, kwa hiyo anayetafuta waya, adapta au kibodi anaweza kupitia huko kabla ya kuja.

Tatizo la mchana ni radi. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi, na upande wetu wa ziwa mvua kubwa hupenda kunyesha alasiri na jioni. Wekeni kanuni tangu siku ya kwanza: ngurumo ya kwanza ikisikika, kila plagi inatolewa ukutani. Kuzima swichi hakutoshi.

Hatua imekamilika mkiwa na ufunguo mkononi, ruhusa ya maandishi ya mwenye chumba, na tarehe tatu zijazo zimeandikwa.

## Hatua ya 3: Kutafuta mashine

Anzieni kwa mafundi wa mjini. Kila fundi wa kompyuta ana rundo la mashine chini ya meza, na nyingi ni za wateja ambao hawakurudi. Zungumza naye kwa heshima, mweleze mnachofanya, na umwalike. Mara nyingi fundi huyo atakuwa mwanachama wenu wa maana kuliko wote.

Kisha nendeni kwenye saiba za zamani, vyama vya ushirika, hospitali za misheni, ofisi za mawakili, na shule. Kuhusu shule kuna jambo la kuelewa vizuri. Shule ya umma haiwezi kuwapa kompyuta kwa sababu tu mwalimu mkuu amewapenda. Mali ya umma huondolewa kwa utaratibu wa Sheria ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali ya Umma ya 2015, na kuna kamati inayoamua. Ukimshinikiza mwalimu akupe kupitia mlango wa nyuma, unamweka yeye hatarini. Omba kwa barua, na kama shule itauza kwa mnada, nendeni mkanunue kama wanunuzi wengine. Shule za binafsi, makanisa na kampuni binafsi hazifungwi na sheria hiyo, kwa hiyo huko ni rahisi zaidi.

Barua iwe fupi. Mfano:

*Kwa Mwalimu Mkuu,*
*KUH: OMBI LA KOMPYUTA ZISIZOTUMIKA*
*Sisi ni kikundi cha wakazi wa Kisumu wanaohifadhi kompyuta za zamani na kuwafundisha vijana jinsi zinavyofanya kazi. Tunaomba kujulishwa iwapo shule ina kompyuta, kibodi, printa au diski inazokusudia kuziondoa, na utaratibu wa kuzipata. Tutazibeba wenyewe, na tutafuta taarifa zote zilizomo ndani ya diski kabla ya kuzitumia. Tuko tayari kuja kujieleza siku itakayokufaa.*
*Wako mwaminifu,*

Kipengele cha kufuta taarifa si mapambo. Diski za shule na hospitali zina alama za wanafunzi, majina ya wagonjwa, namba za vitambulisho. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda taarifa hizo, na zaidi ya sheria, ni siri za majirani zenu. Diski inayotoka kwenye taasisi isifunguliwe kwa udadisi. Ifuteni kwa programu kama DBAN, au kama ni mbovu itoboeni kwa drili.

Kila mashine inapopokelewa, andikeni daftarini: tarehe, aliyetoa, namba ya kitambulisho chake, aina ya mashine, na namba iliyo mgongoni. Mtoaji aweke sahihi. Hii inawalinda siku askari akija kuuliza kompyuta iliyoibiwa. Asiyetaka kuweka sahihi, mshukuruni na muiache mashine yake.

Pokeeni tatu au nne za kwanza, kisha simameni. Klabu nyingi huzikwa chini ya rundo la mashine ambazo hakuna aliyezigusa, chumba kikajaa na mwenye nacho akakasirika.

## Hatua ya 4: Kuiamsha mashine ya kwanza

Hapa ndipo pa kutulia. Mtu akishaletewa kompyuta iliyolala miaka 15, mkono unamwasha kuichomeka ukutani mara moja. Usifanye hivyo. Ndani kunaweza kuwa na kiota cha mende, kapasita iliyovimba, au betri iliyovuja, na dakika ya kwanza ya stima ndiyo inayomaliza bodi ambayo ingepona.

### Kwanza: swichi ndogo ya volti

Nyuma ya pawa saplai (kisanduku kinacholisha kompyuta stima) nyingi za zamani kuna swichi nyekundu yenye maandishi 115 na 230. Iwe kwenye 230. Mashine nyingi zilizoletwa kama msaada kutoka Marekani zilikuja zikiwa kwenye 115, na ukiichomeka hivyo kwenye volti 240 utasikia mlipuko na kuona moshi. Iangalieni kila mara, hata kwa mashine mliyoiangalia wiki iliyopita, kwa kuwa watoto hupenda kuichezea.

### Pili: fungueni na mtazame

Plagi ikiwa imetolewa, fungueni kasha. Pigeni picha ya kila waya kabla ya kuutoa. Ondoeni vumbi nje ya chumba kwa brashi, mkiwa mmefunika pua na mdomo. Huku kwetu pia mtakuta mizoga ya wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku. Huganda na unyevu na kuwa tope kavu juu ya bodi, kwa hiyo hilo mlisafishe kwa spiriti, si kwa kupuliza.

Tafuteni betri. Kwenye bodi za Pentium II na kuendelea ni CR2032. Toeni ya zamani, wekeni mpya. Kwenye bodi za 386 na 486 mara nyingi ni kipipa kidogo cha rangi ya buluu au kijani kilicholehemewa. Hicho ndicho adui mkubwa wa mashine hizo. Kikivuja, majimaji yake hula njia za shaba kidogo kidogo, na mtaona unga wa kijani au mweupe. Kikateni kiondoke, hata kama bado hakijavuja. Pale palipovuja pakeni siki nyeupe kwa pamba ili kuua ule ukali, kisha osheni kwa spiriti na muache pakauke kabisa.

Kapasita ni vile vipipa vidogo vilivyosimama kwenye bodi. Vichwa vyake vinapaswa kuwa bapa. Bodi zilizotengenezwa kati ya 1999 na 2007 hivi zina sifa mbaya ya kapasita zinazovimba na kutoa ute wa kahawia. Mkiona hivyo, msiwashe. Zinabadilishwa kwa kulehemu: uwezo uleule, volti sawa au zaidi, na upande hasi uelekee palepale ulipokuwa.

### Tatu: pawa saplai peke yake

Ichomoeni kwenye bodi na diski zote. Nyingi za zamani hazipendi kuwaka bila mzigo, kwa hiyo acheni imeunganishwa na diski moja mbovu msiyoijali. Ipitisheni kwenye ubao wa balbu.

Kwa zile za plagi pana ya matundu 20, unganisheni waya wa kijani na mweusi wowote kwa kipande cha waya ili iwake. Balbu ikimulika kidogo kisha ikafifia, ni dalili njema. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti ndani. Chomoeni, muiweke kando.

Ikipita, sasa ichomekeni moja kwa moja na mpime kwa multimita, ncha nyeusi kwenye waya mweusi. Waya wa manjano usome kati ya 11.4 na 12.6. Mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Wa machungwa kati ya 3.14 na 3.47. Nje ya hapo, msiipe bodi yenu pawa saplai hiyo.

Onyo. Mashine nyingi za kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1990 zina swichi ya mbele inayopitisha volti 240 zenyewe hadi usoni mwa kasha. Vifuniko vya waya wake vikiwa vimechakaa, kugusa ni hatari ya kifo. Plagi zake mbili za kuingia kwenye bodi pia hufanana. Kanuni ni moja: nyaya nyeusi za plagi zote mbili zikae pamoja katikati. Ukizigeuza unaua bodi.

Onyo la pili, na hili halina mjadala. Hakuna mtu wa klabu anayefungua skrini ya kichogo wala pawa saplai. Ndani ya skrini ya rangi kuna volti zinazofika 25,000, na zinaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa plagi. Kazi hiyo ni ya fundi wa televisheni aliyeizoea. Andikeni kanuni hii kwa herufi kubwa ukutani.

### Nne: bodi, RAM na skrini tu

Sasa rudisheni pawa saplai. Toeni kadi zote isipokuwa ya skrini. Toeni RAM (vibao vya kumbukumbu ya muda), sugueni meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, yafuteni kwa spiriti, kisha irudisheni mpaka isikike ikikaa. Mashine nyingi zinazosemekana zimekufa hufufuka hapa.

Washeni, na msikilize. Mlio mmoja mfupi na maandishi kwenye skrini: imeamka. Milio mirefu inayojirudia mara nyingi humaanisha RAM haijakaa vizuri. Mlio mrefu mmoja na miwili mifupi, kwenye bodi nyingi, ni kadi ya skrini. Kimya kabisa huku feni inazunguka: angalieni kama spika ndogo imeunganishwa kabla ya kukata tamaa.

### Tano: diski

Unganisheni diski ya ndani mwisho. Ikigonga tak-tak-tak, zimeni. Ikizunguka kwa utulivu, jambo la kwanza ni kunakili kilichomo ikiwa ni cha thamani na mna ruhusa ya mwenyewe. Diski za umri huu hazikosi kufa, na huenda ya kwenu imebakisha mara chache tu za kuwaka.

Kwa mashine ya kutumiwa na wageni, mimi hupendelea kutoa diski ya zamani na kuweka kadi ya CompactFlash kwa adapta ya IDE, plagi ya diski za wakati huo. Ya gigabaiti 8 inatosha kabisa kwa Windows 98, na haina kelele. Wapo wanaosema hapo umeua uhalisia. Diski halisi ihifadhini ndani ya mfuko mkavu na muandike jina la mashine yake.

Flopi zinataka uangalifu wa peke yake. Unyevu wa Kisumu huleta ukungu kwenye flopi. Sogezeni kile kifuniko cha chuma na mtazame kwa tochi: mkiona madoa meupe, msiiingize, kwa sababu ukungu utapaka kichwa cha kusomea na kuharibu flopi zitakazofuata.

Mmefaulu hatua hii mashine ikiwaka mara tatu kwa siku tatu tofauti, ikishika tarehe na saa ikiwa imechomolewa usiku kucha, na ikikaa saa mbili bila kuganda.

## Hatua ya 5: Programu za kuanzia

FreeDOS ni ya bure, ilianzishwa 1994, na inaendesha programu nyingi za DOS. Anzeni nayo kama hamna diski halisi. Microsoft yenyewe imeachilia msimbo wa MS-DOS za mwanzo, na 2024 ikaongeza toleo la 4.00. Windows bado ina mwenyewe, kwa hiyo tafuteni mashine zilizokuja na leseni yake, mara nyingi ni stika kwenye kasha au jalada la kitabu chake.

Mkiweka Windows 98, RAM isizidi megabaiti 512, la sivyo itasumbua. 128 au 256 zinaipendeza. Kwenye CD yake, ndani ya TOOLS\OLDMSDOS, kuna QBasic, lugha ya kuandikia programu. Inakilini. Mtaihitaji siku ya kwanza ya wageni.

Mashine hizi zisiunganishwe na intaneti. Windows 98 iliacha kurekebishwa 2006 na XP 2014. Hamisheni faili kwa flopi, CD, au adapta ya kadi.

## Hatua ya 6: Siku ya kwanza ya wageni

Sasa ndipo utangaze, ukiwa na mashine mbili zilizopita mtihani wa hatua ya nne. Mbili, kwa sababu moja inaweza kugoma siku hiyohiyo.

Pangeni meza tatu. Ya kwanza ina mashine inayowaka na kiti mbele yake. Ya pili ina mashine iliyofunguliwa, isiyo na plagi kabisa, watu waguse na kuuliza. Ya tatu ina daftari la wageni na chai.

Hotuba ziwe fupi, ikiwezekana zisiwepo. Mgeni akiingia, ndani ya dakika kumi awe ameketi mbele ya kibodi. Mpeni QBasic na mistari hii aichape mwenyewe:

10 INPUT "Jina lako nani", J$
20 PRINT "Karibu Kisumu, ", J$
30 GOTO 10

Akibonyeza F5, mashine inamuuliza jina na kumkaribisha. Kuisimamisha ni Ctrl na Break. Kijana aliyezoea simu hajawahi kuona kompyuta ikimtii neno kwa neno namna hiyo, na huwa haishii hapo. Ataanza kubadilisha maneno. Muacheni abadilishe.

Kuna kundi la wageni ambalo karibu kila klabu hulisahau: makarani na makatibu muhtasi waliostaafu. Hawa ndio waliotumia WordPerfect 5.1, programu ya kuchapia barua, kwenye ofisi za serikali na viwanda, na vidole vyao bado vinakumbuka kila kitufe cha F. Nendeni mkawaalike nyumbani kwao, kwa heshima, na siku hiyo Mama au Mzee apewe kiti cha mashine ya kwanza. Nawahakikishia, hakuna fundi atakayewafundisha vijana kile atakachowaonyesha katibu mmoja kwa nusu saa. Ombeni ruhusa ya kuandika anayoyasimulia, kwa kuwa ujuzi huo haumo kwenye kitabu chochote cha hapa.

Watoto waje na mtu mzima, na risasi ya kulehemu isiguswe nao.

Kipimo cha mafanikio si idadi ya waliokuja. Angalieni wangapi wamerudi mkutano unaofuata bila kukumbushwa. Wakirudi watano, mna klabu.

## Hatua ya 7: Pesa na usajili

Kwa miezi ya mwanzo mchango mdogo wa kila mkutano unatosha, mathalani shilingi 100 kwa mtu mzima, na wanafunzi wasilipe. Kila shilingi iandikwe daftarini na kusomwa mbele ya wote mkutano unapofungwa. Msitumie namba ya M-Pesa ya mwenyekiti kama hazina. Hata akiwa mwaminifu kiasi gani, siku moja simu yake itapotea.

Mkifika kumi wanaohudhuria kweli, jisajilini kama kikundi cha kijamii. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua kumi. Ofisi ni ile ya maendeleo ya jamii katika kaunti ndogo yenu: mtakwenda na katiba, kumbukumbu za kikao kilichoamua kusajili, na orodha ya wanachama na vitambulisho vyao. Cheti kikipatikana, fungueni akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu.

Katiba yenu isikose kipengele kimoja: mashine ni mali ya klabu au ni za wanachama walioiazima klabu? Amueni sasa, na daftari la mapokezi lionyeshe kwa kila moja. Na klabu ikivunjika, zitaenda wapi?

## Hatua ya 8: Kuhifadhi, na kuachana na zisizopona

Funikeni mashine kwa shuka la pamba, si nailoni, kwa kuwa nailoni hufungia unyevu ndani. Ziinueni kutoka sakafuni kwa mbao, mbali na ukuta, na mpake dawa ya mchwa kwenye miguu ya rafu. Vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vikusanyeni, mviweke kwenye makasha ya flopi. Kila mashine iwashwe angalau mara moja kwa mwezi, na tarehe iandikwe.

Zipo ambazo hazitapona. Toeni kwanza kinachofaa: RAM, kadi, feni, skrubu, vifuniko vya kibodi. Mabaki msiyatupe jalalani wala kuyachoma ili kupata shaba. Moshi wa nyaya ni sumu, na kioo cha skrini ya kichogo kina madini ya risasi (ledi) ambayo ikivunjwa itaingia ardhini na mwishowe ziwani. Tafuteni mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye leseni ya NEMA (mamlaka ya mazingira), mpatane siku ya kuja kuchukua mkiwa na mzigo wa kutosha, na mdai risiti. Risiti hiyo ibandikwe daftarini, pembeni ya majina ya mashine zilizoondoka.